Shajara ya mradi: Eneokazi la Kiswahili kwenye kompyuta kuukuu, Kisumu

Jumamosi, 8 Februari 2025: Mashine nane

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Kondele, na nyuma yake kuna chumba ambacho wanafunzi wa jirani hukijaza kila jioni. Tumekubaliana watu watano kwamba chumba hicho kiwe na kompyuta ambazo mtu akiziwasha anakaribishwa kwa Kiswahili, kuanzia neno la siri hadi kapu la taka. Eneokazi zima: paneli, menyu, madirisha, folda, saa ya pembeni. Naiweka shajara hii ili anayetaka kuiga, awe Nakuru au Busia, asirudie makosa yetu. Yaliyokwenda sawa nitayapita haraka.

Mashine ni nane. Tano ni za mezani, Core 2 Duo zenye ramu ya gigabaiti 2, tulizouziwa na mwenye cyber aliyekuwa anafunga duka, shilingi 3,500 kila moja bila skrini. Tatu ni vipakatalishi vidogo vya Atom N270 tulivyopewa bure, kwa kuwa hakuna aliyevitaka. Betri ndogo za CR2032, zinazotunza saa ya mashine, zilikuwa zimekufa kwenye zote nane. Usidharau betri hiyo. Umeme ukikatika, mashine inaamka ikidhani tuko miaka kumi na kitu iliyopita, kivinjari kinaona vyeti vya tovuti vyote vya uongo, na mtoto anakwambia intaneti imekufa. Badilisha betri kabla hujagusa kitu kingine.

Ubishi wa siku ulikuwa huu: tutengeneze eneokazi letu wenyewe tangu mwanzo, au tujenge juu ya lililopo? Kijana mmoja wa chuo alisimama akasema KDE, eneokazi la Linux, nayo ilianzishwa na mwanafunzi, Matthias Ettrich, Oktoba 1996, kwa kuomba wenzake mtandaoni wamsaidie. Ni kweli. Nikamjibu kwa Xfce, eneokazi jingine jepesi, ambalo Olivier Fourdan alilianza mwaka huohuo wa 1996. Toleo la 4.12 lilitoka Februari 2015, na 4.14 likafuata Agosti 2019. Miaka minne na nusu, sehemu kubwa ikiliwa na kazi ya kuhama kutoka GTK2 kwenda GTK3, maktaba za kuchorea madirisha. Wale ni watu waliobobea. Sisi ni watano, na mmoja wetu ni mimi ambaye mchana nauza chaja.

Tumechukua Debian 12, mfumo wa Linux wa bure, na Xfce 4.18. LXQt, eneokazi jingine, tuliijaribu kwa siku mbili, ni nyepesi pia, lakini Xfce ndiyo ninayoweza kuitengeneza nikiwa nimefumba macho. Ikiwaka bila kufungua kitu inakula karibu megabaiti 500. Kinachomaliza ramu ni kivinjari, na hilo hakuna eneokazi litakalokutibia.

Gharama: mashine 17,500, betri 560, ramu tatu za kuongezea 1,800. Jumla shilingi 19,860.

Jumamosi, 15 Machi: Mlima wa diski

Watu 17 walijitokeza kutafsiri. Nilifurahi mno nikasahau kuuliza nani atafanya nini.

Tafsiri za Xfce hukaa kwenye mafaili ya po: mstari wa Kiingereza, na chini yake nafasi ya lugha yako. Kijana mmoja mwenye bidii alikaa usiku kucha, asubuhi akatuletea mistari zaidi ya elfu imejaa. Tukashangilia, tukaiweka kwenye mashine namba 2. Nikachomeka flash, nikabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, menyu ikafunguka na juu kabisa imeandikwa: Mlima.

Alikuwa amezipitisha zote kwenye mashine ya kutafsiri. "Mount", kwa maana ya kuunganisha diski, imekuwa mlima. "Run" imekuwa kimbia, kwa hiyo tulikuwa na dirisha linalokuagiza ukimbie programu. "Drive" ilikuwa endesha. Tulicheka hadi majirani wakachungulia, lakini kuzisafisha kulichukua siku nne, na nina hakika kuanza upya kungechukua siku tatu. Ukiiga mradi huu, tafsiri ya mashine iwe ya kuangalizia, isiwe ya kumwaga.

Maneno yenyewe yalileta vita vya kirafiki. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mama mtu mzima anayefundisha upande wa Ahero, alitaka kabrasha, tarakilishi na nywila. Vijana walitaka folda, kompyuta na password. Mwalimu alitukumbusha kwamba hatuko wa kwanza: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa Jambo OpenOffice, na watu wale walibishana haya yote kabla baadhi ya vijana wetu hawajazaliwa.

Mwishowe tulitoka na karatasi tukaenda Soko la Kibuye. Tuliwaonyesha watu 11 picha ya skrini, tukawauliza kila kitu wanakiitaje. Folda ilishinda bila kupingwa. Kabrasha alilijua mmoja tu, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nywila wengi walidhani ni mambo ya nywele. Tukachukua neno la siri. Kipanya tulikiacha ingawa karibu wote walisema mausi, maana Mwalimu alisema akiona mausi kwenye skrini hatakanyaga tena chumba kile, na tunamhitaji. Mount tumeiita unganisha, na kinyume chake ni chomoa kwa usalama. Neno chomoa lilitoka kwa muuza viatu, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Gharama: kuchapisha 640, chai na mandazi 1,150, bando 1,000. Jumla hadi sasa 22,650.

Jumamosi, 12 Aprili: Saa imeharibika

Mama mmoja anayeuza omena, dagaa wa ziwani, alikuja kumwangalia mwanawe, akaketi mbele ya mashine namba 3. Alisoma menyu yote kwa sauti, akaridhika. Kisha akatazama kona ya paneli.

"Fundi, hii saa imeharibika?"

Paneli ilikuwa imeandika 14:20. Kwake, na kwa kila mtu mle ndani, ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Nilianza kumweleza kwamba kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane. Akaniangalia tu. "Si mmesema ni ya Kiswahili?"

Sikuwa na jibu. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, mstari wenyewe unakatiza barabara pale Maseno, na jua halibadiliki sana mwaka mzima. Kuhesabu saa kuanzia kulipokucha kuna maana yake. Kompyuta inayosema folda na neno la siri halafu ikasema 14:20 imetafsiriwa nusu.

Kijana wa chuo alijitolea kurekebisha palepale. Alirudisha saa ya mfumo nyuma kwa saa sita. Ikasoma 8:20, tukapiga makofi. Tulipojaribu kusasisha mashine, apt, programu inayoleta masasisho ya Debian, ikagoma: faili ya Release ya masasisho ya usalama bado haijaanza kuwa halali, subiri saa kadhaa. Mafaili yaliyotoka kwenye flash yakaonekana yametengenezwa siku za usoni. Na kila tulipowasha intaneti, timesyncd, huduma inayorekebisha saa kwa intaneti, iliirudisha saa mahali pake, ikaruka saa sita mbele mtu akiwa katikati ya barua. Tulicheza hivyo siku mbili, sisi tunavuta nyuma, yenyewe inavuta mbele.

Siku ya tatu akapata wazo la ujanja zaidi: aache saa ya mfumo, abadilishe majira ya eneo. Nairobi ni UTC+3. Ukitoa sita unapata UTC−3, ambayo ni São Paulo. Basi kompyuta ya Kondele ikaambiwa iko Brazili. Lazima nikiri ilipendeza. Saa ilisoma sawa mchana kutwa, apt ikanyamaza, na vijana wakaanza kuiita namba 3 Ronaldo.

Ilivunjika alipotumia Ronaldo kuwaalika wanaojitolea kwenye kikao cha mtandaoni. Aliandika 10:00, akimaanisha asubuhi, saa nne. Kalenda ikaamini ni 10:00 ya Brazili, ikawatumia wenzake 16:00. Yeye alikaa peke yake kwenye kikao dakika arobaini akiwasubiri, na jioni wengine wakakaa wakimsubiri yeye. Halafu tarehe: ukikesha hadi saa nane usiku, Ronaldo bado anasoma ya jana.

Tumerudisha zote Nairobi.

Gharama: bando 500. Jumla 23,150.

Jumamosi, 3 Mei: Ngeli

Hili nitalieleza pole pole kwa sababu ndilo litakalomsumbua kila anayetafsiri programu kwa Kiswahili.

Tuliandika programu ndogo ya kumkaribisha mtumiaji: inamtengenezea folda zake na kumwonyesha menyu. Mwandishi wa msimbo ni mimi, kwa hiyo lawama ni zangu. Nilifanya walivyonifundisha: andika sentensi moja, acha pengo, jaza jina la kitu kwenye pengo. "%s mpya." Hiyo %s ndiyo pengo. Ukiweka faili unapata faili mpya. Ukiweka folda, folda mpya. Safi. Mwalimu akabonyeza sehemu ya kitufe cha mkato, ikatokea: "Kitufe mpya."

Alivua miwani.

"Fundi, kitufe ki-?"

"Kipya, Mwalimu."

"Na dirisha?"

"Jipya."

"Basi hiyo mpya yako umeigundisha ya nini?"

Kiingereza kinabeba "new" moja popote. Sisi kitu kinatawala sentensi nzima: kimefutwa, limefutwa, imefutwa, umefutwa. Pengo likiwa mbele na kitenzi kimeshaandikwa, umeshachagua ngeli kabla hujajua kitu. Nilijaribu kuandika jedwali la viambishi ndani ya programu, mistari 90, kila jina na ngeli yake. Lilifanya kazi hadi mtu alipoongeza neno jipya akasahau ngeli, ikatoka "Wimbo limehifadhiwa".

Dawa tuliyoipata ni nyepesi kuliko jedwali. Mosi, kwenye programu yetu wenyewe, kila kitu kina sentensi yake kamili. Ni mistari mingi zaidi ya kutafsiri, na iwe hivyo. Pili, kwa programu za watu wengine ambazo pengo tumelikuta humo, tunatanguliza jina tunalolijua: si "%s imefutwa" bali "Faili %s imefutwa". Kitenzi kinafuata faili, na lile jina alilolitoa mtumiaji, liwe karo.odt au picha ya harusi, linakaa katikati bila kuamuru chochote.

Faili lenyewe lilitugharimu jioni nzima. Mwalimu alisema faili/mafaili, LI-YA. Nusu ya chumba ikasema faili hii, I-ZI. Tulipiga kura, I-ZI ikashinda tisa kwa nne, na Mwalimu akaandika kwenye ubao kwamba sarufi haipigiwi kura. Maandishi hayo bado yapo. Nami mwenyewe, kama unavyoona, kwenye shajara hii naandika mafaili nikijisahau.

Jumamosi, 24 Mei: Paneli yetu wenyewe

Nimerudi kwenye saa. Tumepakua msimbo wa paneli ya Xfce 4.18, tukaingia kwenye sehemu ya saa, tukaongeza mistari 212 ya C inayotoa saa sita na kuandika kwa maneno: saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kuna hata ubishi wa alfajiri inaanza saa ngapi, nao tumeuandika kwenye msimbo kama maoni. Tumeunda kifurushi chetu, tukakiweka kwenye mashine zote nane.

Mama wa omena alikuja Jumatano, akatazama kona, akaitikia kwa kichwa mara moja tu, kama mtu aliyerudishiwa chenji yake kamili.

Mmoja wetu aliuliza, "Xfce wakitoa toleo jipya je?" Nikamwambia tutavuka mto tukiufikia. Naomba ukumbuke sentensi hiyo ukifika Agosti.

Gharama: bando la kupakua msimbo na maktaba za kuundia, 1,500. Jumla 24,650.

Jumamosi, 12 Julai: Kumi na saba wamekuwa watano

Kazi ya mikono haikusonga mwezi huu kwa sababu watu wameondoka. Nimewapigia simu mmoja mmoja.

Wengi walikuwa na sababu za kawaida: mitihani, kibarua Nakuru, mtoto mchanga. Mmoja alisema tulimpa faili la mistari 800 akalifungua mara tatu, akalifunga mara tatu. Hilo ni kosa letu, na sasa tunagawa mafungu ya mistari 40, tena kwenye karatasi. Mtu anajaza akiwa kwenye matatu ya Kakamega au akisubiri foleni ya benki, anatupigia picha, mmoja wetu anachapa. Tumechekwa kwamba mradi wa kompyuta unaendeshwa kwa kalamu. Fungu la 40 linarudi baada ya siku mbili au tatu. Lile la 800 halikuwahi kurudi.

Ila dada mmoja alinyamaza kwenye simu, kisha akasema: "Mlikataa kazi yangu, kwa nini niendelee?"

Hatukukataa. Alikuwa ametafsiri mistari 310 ya Thunar, ile programu ya kupekua folda, kazi nzuri kuliko ya yeyote kati yetu. Alipokuja chumbani kuiona, ikawa bado iko kwa Kiingereza. Akakaa kidogo, akaondoka bila kusema.

Nilitafuta hadi saa sita usiku. Mtu alipounganisha faili lake na lililosasishwa, chombo cha kuunganisha kilibahatisha mistari iliyofanana na ya zamani na kuipa alama ya fuzzy, yaani mwanadamu aiangalie kwanza. Mistari yenye alama hiyo, msgfmt huiruka inapotengeneza faili la mwisho, bila kelele, na Kiingereza kinabaki. Mistari yake 310 ilikuwa palepale, yote ina alama. Hakuna aliyeiangalia.

Nilipanda gari hadi Ahero nikiwa na kipakatalishi kimoja cha Atom, tukakaa kwao chini ya mwembe, tukapitia mistari pamoja na kuondoa alama. Mama yake alituletea nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na chai. Ilipofika jioni nikaiunda upya, nikamfungulia Thunar. Akasoma menyu ya juu hadi chini, akapata kosa moja la tahajia, lake mwenyewe, akalisahihisha kwanza ndipo akacheka.

Sasa tuna kanuni mbili. Kila Ijumaa mtu mmoja anaendesha msgfmt na kipimo cha takwimu, idadi ya mistari yenye alama inaandikwa ubaoni, na kazi haiondoki Jumamosi ikiwa idadi hiyo ni zaidi ya 20. Na kila aliyetafsiri hata fungu moja anaingizwa kwenye mstari wa translator-credits, ambao ndio unaotoa majina kwenye dirisha la Kuhusu. Tulikuwa tumeuacha mtupu tangu Machi. Nasikia aibu kuandika hivyo.

Gharama: kuchapisha 480; nauli 300; chai 900. Jumla 26,330.

Jumamosi, 23 Agosti: Mto

Debian 13 ilitoka tarehe 9, na ndani yake kuna Xfce 4.20. Tulianza kupandisha mashine Jumatatu ya likizo.

Kosa dogo kwanza: tulizipandisha mbili kila moja ikijipakulia yenyewe, bando likaisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa zilizobaki tuliweka apt-cacher-ng kwenye namba 1, vifurushi vinapakuliwa mara moja na wengine wanavichota hapo. Fanya hivyo tangu mwanzo.

Vipakatalishi vya Atom haviendi popote. N270 ni ya biti 32, na Debian 13 haina tena kisakinishi wala kiini cha i386, yaani cha mashine za biti 32. Vitabaki Debian 12, ambayo ina masasisho ya muda mrefu hadi Juni 2028. Hadi hapo kibodi zake zitakuwa zimeng'oka herufi zote.

Kosa kubwa ni saa. Mashine ya kwanza ilipowaka, kwenye kona: 10:05. Kifurushi chetu kilikuwa na namba ya 4.18, apt iliona 4.20 ni kubwa, ikakitupa chetu na kuweka cha Debian, kama inavyopaswa. Mistari 212 ilikwenda na maji. Tulijaribu kuingiza kiraka chetu kwenye msimbo wa 4.20, kikakataa sehemu nne. Toleo hili Xfce walifanya kazi kubwa ya kuandaa njia ya Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, na pamoja na mengine paneli ilibadilika. Mtu angeweza kukishona upya kwa wiki mbili. Kisha 4.22 nayo, wiki mbili nyingine. Kisha kila sasisho dogo la katikati.

Mwaka 2011 waliokasirishwa na GNOME 3, eneokazi jingine la Linux, waliichukua GNOME 2 wakaiita MATE. Ni mradi mzuri na bado uko hai, lakini kumaliza tu kuhama GTK2 kuliwafikisha 2017. Nilikuwa naijua hadithi hiyo mwezi Mei. Nilidhani inahusu watu wenye paneli kubwa kuliko yetu.

Gharama: bando 2,000. Jumla 28,330.

Jumamosi, 6 Septemba: Moja ni seven

Dada wa Ahero ndiye aliyetegua kitendawili, bila mstari hata mmoja wa C.

Alikuwa amepewa fungu la paneli, mistari 40 kwenye karatasi. Akanipigia: "Fundi, hii saa si ina namna ya kuandika kwa maneno? Mbona nina 'quarter past' hapa?"

Saa ya Xfce ina sura kadhaa: ya mishale, ya tarakimu, na nyingine wanayoiita fuzzy (si ile alama ya Julai), inayosema muda kwa maneno kwa kukadiria. Niliijua kama mchezo wa watoto. Sikuwahi kufikiri kwamba maneno yake yote yanapitia kwenye faili la tafsiri: majina 12 ya saa, na sentensi za dakika zenye pengo mbili, moja ya saa iliyopita na moja ya ijayo.

Basi hatuhitaji kutoa sita kwenye msimbo. Tunaitoa kwenye tafsiri. Seven, andika moja. Eight, mbili. Twelve, sita. One, saba. "Quarter past" inakuwa saa %0 na robo, na "quarter to" inashika pengo la pili: saa %1 kasorobo. Kiswahili nacho huitaja saa ijayo kwenye kasoro, kwa hiyo pengo zao zilitukaa kama viatu vya kupimiwa.

Kazi yote ilikuwa dakika ishirini na tano. Saa ya mfumo haikuguswa, majira ni ya Nairobi, apt haina neno. Toleo jipya likija, maneno yanabaki kwa sababu yako mahali ambapo Xfce wenyewe wanatarajia maneno yakae. Tunayapandisha pamoja na mengine kupitia Transifex, ambako Xfce hupokea tafsiri.

Inakadiria kwa dakika tano, na haisemi asubuhi wala usiku. Mama wa omena alipoulizwa kama hilo linamsumbua, alitazama dirishani, kwenye jua, akaendelea na shughuli zake.

Gharama: sifuri.

Jumamosi, 18 Oktoba: Mwalimu anasahihisha

Jumanne saa kumi na moja jioni, muda wa kufunga, watoto walikataa kutoka. "Fundi, bado saa tano!" Wakanionyesha kona. Saa tano kamili, imeandikwa kwa Kiswahili fasaha, na jua limeshaanza kushuka kuelekea ziwani.

Mwalimu alikuwa amepitia mafungu ya wiki ile. Alikuta "seven: moja", akaona ni uzembe wa vijana, akatengeneza: saba. Akatengeneza zote 12, akatuandikia pembeni kwamba tusome kabla ya kuwasilisha. Sikumlaumu hata kidogo. Mtu yeyote anayejua lugha mbili angefanya hivyo, na mtafsiri mwingine akilikuta faili bila maelezo atafanya vilevile.

Tumeyarudisha, na juu ya kila mstari wa saa tumeweka maoni: "Hii ni saa, si hesabu. Seven ni saa moja. Usisahihishe." Mwalimu alipoelezwa, alinyamaza kidogo, akaomba aandike maoni hayo yeye mwenyewe kwa sababu yetu yalikuwa na kosa la alama za uandishi.

Jumamosi, 8 Novemba: Kilichobaki

Mradi wote sasa ni kifurushi kimoja kidogo: mipangilio ya paneli na menyu kwenye /etc/xdg, mafaili ya tafsiri ambayo bado hayajapokelewa na Xfce, programu yetu ya kukaribisha, na picha ya nyuma ya ufuo wa Dunga. Hakuna programu ya mtu tuliyoivunja tukaifanya yetu. Kinawekwa juu ya Debian 13 kwa chini ya dakika moja. Ukikiweka ukaona Kiingereza kitupu, hujatengeneza lokali (mipangilio ya lugha na nchi) ya sw_KE.UTF-8, hilo limetupata mara tatu.

Wanaojitolea wako 11. Karatasi za mafungu ziko kwenye sanduku la viatu mlangoni, mtu anachukua akipita. Yaliyokamilika ni paneli, Thunar, dirisha la kuingilia na sehemu kubwa ya mipangilio. Kisimamizi cha umeme bado hakijaguswa, kwa sababu hatujakubaliana "suspend" ni nini. Usingizi ulishinda kura ya kwanza, kisha mtu akauliza "hibernate", usingizi mzito zaidi, itaitwaje.

Tumenunua flash tano za kubebea kifurushi kwa wanaotaka kuiga, 3,250. Jumla ya mradi ni shilingi 31,580, yaani 6,316 kwa kila mmoja wetu watano. Flash mbili zimeshakwenda Kakamega na moja Bungoma. Mbili ziko kwenye droo ya kibanda. Nafungua saa mbili asubuhi, ile ya kwenye paneli.